Figo ya Salima Tumboni mwa Latifu

Latifu alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa vitenge vya kupeleka Kamanyola pale mdogo wake Salima alipomshika mkono akamburuta hospitalini.

"Miye niko muzima," alilalamika njia nzima tangu mtaa wao wa Kadutu. "Nakula, natembea. Unanizuia kazi bure."

Salima akazidi kumvuta. Mwaka uliopita, huko India, madaktari walimtoa figo moja wakampandikiza kaka yake huyo. Sasa kipimo cha uchafu katika damu ya Latifu kilikuwa kimepanda kidogo, na daktari Élodie hakukipenda kidogo hicho.

Wakamlaza Latifu chini ya kamera, wakamdunga mshipani dawa yenye mionzi hafifu. Dawa hiyo hufuata damu hadi kwenye figo, nayo kamera huona inakopita. Salima alisimama chumba cha pili kando ya daktari, macho kwenye skrini.

Chini ya tumbo, upande wa kulia, kitu kikaanza kung'aa, mfano wa ngumi. Salima akajishika ubavuni, penye kovu. Ni yake ile.

"Damu inaingia vizuri," Élodie alisema. "Sioni dalili ya mwili kuikataa."

Salima akashusha pumzi. Lakini daktari hakutabasamu. Figo ilizidi kung'aa, na kibofu chini yake kikabaki giza.

"Iko nini, docta?"

"Mukojo haishuke, maman. Tumupatie dawa ya kuisukuma. Kama njia iko wazi, mwanga itapunguka."

Wakamdunga tena. Salima akaanza kusoma sura ya Yasini kimoyomoyo, akapotea katikati, akaanza upya. Mwanga ulikaa vilevile.

"Mrija wa mkojo umebanwa," Élodie akasema hatimaye. "Figo ya kupandikizwa haina mishipa ya kuhisi maumivu. Ingekufa naye hajui."

Latifu alipoambiwa kwamba lazima azibuliwe siku hiyohiyo, aliuliza tu, "Hatuwezi kungoja nirudi kutoka Kamanyola?"

"Yaya," Salima akamwambia kaka yake polepole, "hii figo ilikuwa yangu kabla ikuwe yako. Haiende popote."

Latifu akamtazama, kisha akageuza uso ukutani. "Basi wafanye."

Alasiri ileile wakampitishia mpira mwembamba tumboni hadi kwenye figo. Mkojo ukatoka, kwanza matone, halafu ukajaza mfuko hadi muuguzi akaleta mwingine. Salima alipouona alitoka kwenda barazani kutafuta hewa, akaketi sakafuni, akaisoma Yasini yake hadi mwisho.