Nakulelea

Saa tatu kasoro dakika tano mama alikuwa ameshakaa jikoni, hedifoni kichwani, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Meza ya chakula ilikuwa imetekwa na mumewe, mchora ramani za nyumba, ingawa tangu ugonjwa uingie hakuna aliyekuwa anajenga hata banda la kuku. Bwana alikuwa anachora upya ramani ya zamani, eti mkono usije ukasahau. Mkono, jamani.

Mama yeye alikuwa na kazi ya kweli. Kwa niaba ya kituo cha simu za dharura, alipokea simu za watu wenye homa, wenye hofu, na wale walioshika kitasa cha duka wakajiona maiti tayari. Kila simu ilirekodiwa. Mara mbili msimamizi alisikia kilio cha mtoto, na mara mbili alimwonya. Ya tatu, alisema, tunakutoa kwenye laini. Yaya alikuwa amekwama kwao na bibi wa mtoto haruhusiwi kutoka, kwa hiyo mke na mume walikubaliana: saa tatu mpaka saa sita, binti yao wa miezi saba yuko na babake, na mlango wa jikoni haufunguliwi.

Simu ya nne ilikuwa ya mwanamke mwenye kichanga cha wiki tatu. Mtoto anachemka, mume yuko karantini, na yeye mwenyewe hajaoga tangu juzi.

"Dada, nimshike au nisimshike?"

"Mshike, dada'angu. Vaa barakoa umnyonyeshe. Mtoto mdogo hivyo akiwa na homa lazima aonwe leo leo, nakutumia gari. Unakaa mtaa gani?"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mume alikuwa amembeba mtoto kwapani, mtoto analia kwa nguvu zake zote.

"Shika mtoto wako. Nimekulelea tangu asubuhi, mgongo umekufa."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

Mama alimpakata mtoto. Ilibidi aulize jina la mtaa mara tatu, maana kilio cha huku kilimeza sauti ya kule, na mwanamke wa watu akaanza kulia naye. Gari likatumwa. Ndipo mama akavua hedifoni, hasira zimemkaba mpaka masikio yanavuma.

"Umenilelea?"

"Kwani uongo? Nimekulelea."

"Mtu analelewa mtoto wake anaposafiri. Akilazwa. Mimi nimekwenda wapi? Mtoto wako unamlea, bwana. Hunilelei mimi."

"Sasa tumefika kwenye kunifundisha Kiswahili?"

"Ndiyo. Maana neno moja tu limekushinda, na ndilo linalonikosesha kazi."

Mume akafungua mdomo kujibu, simu ya mkononi ya mama ikaita. Msimamizi. Alikuwa ameisikiliza ile simu, na hakuwa na maneno mengi: kufanyia kazi nyumbani basi. Zilibaki nafasi mbili kituoni, ila anayeingia haruhusiwi kutoka kwa siku kumi, analala humo humo. Gari litapita saa kumi jioni. Anakuja, au wamtafute mwingine?

"Nakuja," mama akasema.

Alilisema kwa hasira, na lilipokwisha kutoka ndipo alipokumbuka maziwa yake. Siku kumi zinatosha kuyakausha. Mtoto alikuwa amenyamaza, anavuta kola ya gauni lake akitafuta ziwa. Akamnyonyesha hapo hapo, machozi yakimtoka, na hakuyafuta ili mumewe ayaone vizuri.

"Hukuniuliza," mume akasema.

"Na wewe hukuniuliza ulipofungua mlango."

Mchana mama alishusha begi kabatini. Alifungasha nguo chache, barakoa na kanga mbili. Saa kumi honi ikalia nje. Akambusu mtoto, akamkabidhi, akachukua begi.

"Ngoja," mume akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeishiwa kiburi. "Huwa anakula saa ngapi?"

Miezi saba nyumba moja. Mama alitamani kumrushia lile begi. Badala yake akaliweka chini na kuanza kutaja: uji saa nne na saa kumi na moja, uwe umepoa, kijiko kidogo, maziwa ya kopo katikati, akipikicha macho ni usingizi, usimpe chakula, alazwe chali, akigoma kulala, mtembeze ukimpapasa mgongo. Mume akaichukua kalamu yake ya kuchorea, mtoto begani, akaandika yote pembeni mwa ramani kwa mwandiko safi, kisha akamsomea. Hakukosea hata moja.

Honi ikalia tena. Mama akatazama saa ya ukutani, na hasira zikampanda upya kuliko za asubuhi. Ilikuwa imemchukua mumewe dakika mbili tu.