Inchi za Gualtiero

Mume wangu Gualtiero ana urefu wa mlango, na kwa sababu hiyo anaamini dunia nzima ina urefu wa mlango. Ni fundi wa baiskeli za milimani hapa Finale, pwani ya Italia, ana duka chini ya nyumba yetu na timu ndogo ya enduro yenye jina la duka. Katika enduro unapanda mlima kwa raha zako, hata ukitaka kusimama ule mkate wa focaccia ruksa, kisha unashuka ukikimbizana na saa. Mtu angedhani mchezo wa namna hiyo hauhitaji dini. Gualtiero aliipata: magurudumu ya inchi ishirini na tisa, mbele na nyuma, amina.

Gurudumu kubwa, anasema, linapita juu ya mawe, na dogo linatumbukia kati ya mawe. Hilo simkatalii. Amelipima kwa saa, kwenye njia zote zinazotoka kule juu milimani mpaka kwenye mashamba ya mizeituni. Anaanza na gurudumu dogo, asubuhi, macho hayajafunguka vizuri na mawe yana umande. Kisha anarudi juu, anakunywa kahawa, jua linakausha njia, anashuka na kubwa. Kubwa linashinda kila mara. Huo ndio utafiti, na aliyepimwa ni mtu mmoja tu, ambaye kwa bahati nzuri ni yeye mwenyewe.

Binti yetu Nives amerithi miguu yangu. Sisi wanawake wa ukoo wangu tumeumbwa kwa ajili ya kuchuma zeituni za matawi ya chini. Nives anashindania timu ya baba yake, anafanya kazi dukani kwa baba yake, na kwa ukarimu wa baba yake alipewa baiskeli ya ishirini na tisa mbele na nyuma. Kwenye mteremko mkali inabidi usogeze mwili nyuma ya kiti usije ukapinduka. Mtu mrefu akifanya hivyo bado ana nafasi. Mfupi anakalia tairi linalozunguka. Mimi ndiye ninayeshona kaptula zake, kwa hiyo sihitaji saa ya kupimia.

Alichotaka Nives ni gurudumu kubwa mbele na la ishirini na saba na nusu nyuma, basi. Alimwambia baba yake wakati wa baridi, akamwambia Pasaka, akamwambia tukiwa mezani na tukitoka kanisani. Gualtiero akampa ushauri wa bure: apinde magoti, atazame mbali, awe jasiri. Nives alipozidi kusumbua, baba yake alilifikisha suala lenyewe kwenye mahakama ya rufaa, yaani baa ya jirani. Huko wanaume wenye vitambi, ambao mara ya mwisho kupanda baiskeli walikuwa wanapeleka maziwa, walitafakari kwa kina na kuamua kwamba kasoro iko kwenye makalio ya msichana.

Wiki ya mashindano ya hapa nyumbani, Nives alinikuta jikoni nikitwanga vitunguu saumu vya mchuzi wa pesto. Akafunga mlango.

"Mama, Mirella wa Loano ananitaka kwenye timu yake. Na dukani kwake pia. Anataka jibu Jumatatu."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka mtu anisikie. Jumamosi waamuzi wakilitia rangi lile gurudumu kubwa la nyuma, Jumatatu naondoka. Usimwambie baba."

Siku moja kabla ya mashindano waamuzi hutia alama ya rangi kwenye fremu na kwenye magurudumu. Kilichopakwa ndicho utakachoshuka nacho mpaka mwisho, huwezi kubadilisha mawazo njiani. Nilimwahidi sitasema. Alipotoka nililia, nikasingizia vitunguu saumu, ingawa vitunguu saumu havilizi mtu. Nyumba yenye Gualtiero na mimi tu, na magurudumu yaliyotundikwa kuanzia ukumbini mpaka chumba cha kulala! Nilijionea huruma waziwazi.

Aliyetuokoa ni Tranquillo, rafiki wa Gualtiero anayechomelea fremu huko bondeni, mtu asiyeweza kuona kitu kikubwa bila kutamani kukikuza. Alikuwa ametengeneza baiskeli ya inchi thelathini na mbili. Gualtiero aliileta nyumbani akiwa na uso wa bwana harusi. Kama ishirini na tisa inapita juu ya mawe, alinieleza, thelathini na mbili haitajua kama mawe yapo. Alhamisi akaipandisha mlimani kwenda kuijaribu kwenye Ngazi za Padre, kipande kikali kuliko vyote vya mashindano.

Alirudi kwa miguu, akiisukuma, akitembea kama mtu aliyebeba mayai mapajani. Nyuma ya kaptula hapakuwa na kaptula. Chakula cha jioni alikula amesimama dirishani, eti anaangalia bahari. Dirisha la jikoni kwetu linaangalia ukuta wa jirani.

"Inapita juu ya mawe?" nikamuuliza.

"Kuna mambo madogo ya kurekebisha."

"Ulipinda magoti?"

Akatafuna polepole.

"Ulitazama mbali?"

"Ornella, niongezee supu."

Nikamwongezea. Kesho yake alijifungia dukani tangu asubuhi, na Jumamosi Nives alipokwenda kuchukua baiskeli yake alikuta gurudumu la nyuma ni dogo. Hakuna aliyemwambia neno. Mwamuzi akapiga brashi, rangi ya chungwa ikakaa. Nives alinitazama, nami nikaitazama rangi ile kama naona picha ya mtakatifu. Nilidhani mambo yamekwisha.

Jumapili alishuka Ngazi za Padre kwa kasi iliyonifanya nifumbe macho. Alimaliza wa pili, nyuma ya Mfaransa mmoja, na mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kama angerudi nyumbani moja kwa moja tungelala kwa amani. Lakini tulipitia baa.

Gualtiero alikuwa katikati ya vitambi vyake, glasi mkononi, anafundisha.

"Mimi siku zote nasema," alikuwa anawaambia, "mtu mfupi, dogo nyuma. Ni hesabu tu."

Vitambi vikakubali. Navyo siku zote vilikuwa vinasema hivyo. Nives aliweka kinywaji chake kaunta, bado ana vumbi usoni.

"Baba, nimekwambia mwaka mzima kwa mdomo wangu. Hukuamini mpaka ulipoambiwa na makalio yako. Kesho nampigia Mirella wa Loano, nakwenda kwake."

Akatoka. Katika mji huu watu wanalalamikia bei ya kahawa hata kwenye mazishi, lakini pale hakuna aliyelalamika. Gualtiero aliiacha glasi yake imejaa.

Nilimkuta Nives dukani anakusanya vifaa vyake. Baiskeli ilikuwa bado na rangi ya mwamuzi. Baba yake aliingia, akaifunga kwenye stendi, akaizunguka. Nilikaa kwenye ngazi nikingoja hotuba, maana ana hotuba kwa kila tukio. Aliushika usukani, akauachia.

"Huu usukani," akasema. "Unakufaa?"

Katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia akiuliza swali la baiskeli ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari. Nives aliacha kukusanya.

"Ni mpana."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoufunga."

Gualtiero alitoa mkanda wa kupimia mfukoni, kwa mazoea. Akauangalia, akaurudisha. Akampa Nives penseli. Nives aliinamia usukani viwiko nje, akasogeza mikono ndani, akafumba macho, kisha akapiga alama pande zote mbili. Baba yake akachukua msumeno wa chuma.

"Hapa?"

"Ndani kidogo."

Akausogeza. Akainama zaidi, yule mwanaume mrefu.

"Hapo?"

"Hapo, baba."

Jumatatu Nives alimpigia Mirella, akamshukuru, akamwambia hapana. Vile vipande viwili vya usukani nimeviweka dirishani jikoni. Gualtiero anaviona kila anapokwenda kuangalia bahari.