Jina Walilolifuata Hospitalini

Wanawake watatu walikuwa wamemkalia Yolande chumbani tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyeliangalia tumbo lake. Walikuwa wakiuangalia mdomo.

"Taja jina," alisema mama mkwe wake. "Mutoto anakataa kutoka sababu ya ile kintu unaficha."

Mama mkwe huyo watu wa ufukoni walimwita Nampundu, kwa maana alizaa mapacha, tena alizaa mkekani, nyumbani, bila kisu cha mtu. Hilo alilisimulia sokoni Nchelenge, akalisimulia na kanisani. Asilolisimulia ni kwamba pacha mmoja alizikwa jioni ile ile. Kwake yeye, mwanamke aliyepasuliwa hakuzaa. Alipasuliwa kwa sababu alilala na mwanamume wa nje akakataa kumtaja. Angemtaja, mtoto angepata njia. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema kwamba mzazi akishaujua atamhurumia mwenzake.

Wiki tatu nyuma, kliniki, Sista Chilufya alikuwa amelipapasa tumbo la Yolande, kisha akamketisha pamoja na mumewe, Rodwell, akawaeleza bila kuficha. Mambo yakiwa sawa, kuzaa kwa njia ya kawaida ndiko bora: mama anasimama siku ile ile na mwili unapona upesi. Kisu kina machungu yake: kidonda, wiki sita bila kubeba mzigo, na kila mtoto ajaye ni wa kuzaliwa hospitalini. Yolande alibeba beseni za samaki kichwani tangu usichana wake huko Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, na hakukitaka kisu hata kidogo.

"Lakini mutoto analala mukingamo," alisema Sista. "Kichwa huku, miguu kule. Asipogeuka, njia haiko. Uchungu ikianza, musingoje."

"Tumesikia, Sista," alijibu Rodwell, akaitikia na kwa kichwa.

Sasa uchungu ulikuwa umeanza, Rodwell yuko bandarini, simu yake inaita tu, na mtoto hajageuka. Yolande aliwaambia hivyo mara nne. Nampundu alimjibu kwamba mwenye mimba hatikiswi garini.

Mama huyo alikuwa ametoka kuanika chisense, wale dagaa wa ziwa, na magamba yalikuwa bado yameganda vidoleni. Kwa vidole hivyo alikoroga bamia na mizizi kwenye kikombe cha plastiki, na kwa vidole hivyo hivyo akataka kumpima njia. Yolande alibana mapaja. Dawa aliinywa nusu, ikamteleza kooni kama kamasi, akaitapika yote juu ya kitenge cha mama mkwe.

"Munaona?" alisema jirani, Chipego. "Siri inaanza kutoka."

Hapo kinyaa kilimzidi Yolande kuliko uchungu. Harufu ya samaki alikuwa ameizoea. Kilichomchefua ni zile nyuso tatu zilizomwinamia, midomo imelegea, macho yanang'aa kwa njaa ya umbea. Aliona wazi kwamba wangemwacha afe na mwanawe tumboni, kisha jioni wangepika uji wa msiba na kujadiliana huyo mwanamume alikuwa nani.

Basi akawalisha walichokitaka.

"Jina iko," alisema.

Hata shangazi yake Rodwell, aliyekuwa akisinzia pembeni, alifumbua macho.

"Lakini siijue vizuri. Ni mutu ya kazi pale ku ospitali. Munifikishe, nitamuonyesha na kidole."

Lo, mila ilivyosahauliwa haraka! Nampundu alitoka mbio miguu mitupu kusimamisha teksi. Chipego alikimbilia kwake kubadilisha kitenge, maana haifai kwenda kushuhudia aibu ya mtu umevaa matambara. Garini walibishana kama huyo mwanamume ni wa dawa, ni mlinzi, au ni yule mnene wa maabara. Chupa ya uzazi ilipasuka, maji yakalowesha kiti, nao wakaendelea kubishana. Ni dereva peke yake aliyegeuka akauliza, "Mama, uko muzima?"

Daktari alilishika tumbo mara moja tu, akaagiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Kitanda kikisukumwa, Nampundu alikimbia kando yake.

"Ni huyu? Ao ule wa miwani?"

Yolande alifumba macho.

Mtoto wa kike alitoka mzima, akalia vizuri. Daktari aliwaambia wale wanawake mlangoni kwamba wangechelewa kidogo tu wangezika wawili. Wakaitikia "eyo, docta" huku wakimkagua kuanzia viatu hadi kichwani.

Alasiri Rodwell aliingia wodini, ananuka dizeli, mama yake akibaki mlangoni. Yolande alijisogeza taratibu, kidonda kikimwaka, akafunua kanga ili baba aone uso wa bintiye. Siku nzima alikuwa amejiambia kwamba wale ni wanawake wa mila tu. Rodwell alikuwepo kliniki, Rodwell alisikia.

Rodwell hakumtazama mtoto. "Mama ananiambia iko mutu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani?"

"Haiko mutu. Nilibadanganya ili banilete huku."

Rodwell aliyapima maneno hayo. Yolande alimwona akipima.

"Sasa kama haiko mutu," aliuliza Rodwell, "njo sababu ya nini balikupasua?"

Yolande alimfunika mtoto uso.

Sista wa wodi alikuwa akipita vitandani kuwatoa wageni, maana muda wa kutazama wagonjwa ulikuwa umekwisha na ndani wanabaki waume peke yao. Alimkuta Rodwell bado amesimama.

"Na huyu ni nani kwako, mama?"

"Ni mutoto ya ule mama ya pa mulango," alisema Yolande. "Batoke pamoja."