Kiapo cha Mahfoudh na Klabu ya Barafu

Mahfoudh alipoapa, aliapa vizuri. Hilo simnyimi.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwake Hail, hapa Maskati, kumposa dada yake, Shaikha. Mimi mgane, yeye mjane, wote watu wazima, wala hakuna aliyekuwa akimdanganya mwenziwe. Mimi nauza vitunguu kwa jumla soko la Mawaleh, yeye mwalimu wa shule ya msingi. Baba yao keshafariki, kwa hiyo walii wake ni kaka yake Mahfoudh, mstaafu wa serikali, mtu ambaye hajapata kuoa na ambaye Shaikha ndiye anayempikia, anayempigia kanzu pasi na anayemtafutia miwani yake.

Tukala halwa, tukanywa kahawa. Mahfoudh akaniuliza, "Sasa Harub, we unataka nini kwa dada yangu?"

Nikamjibu, "Mimi nataka mke. Wewe unataka mpishi. Ndiyo tafauti yetu."

Ni kweli tupu, lakini si maneno ya kusema na kikombe cha mtu mkononi. Mahfoudh akasimama, akanyoosha kidole juu.

"Wallahi, huyu simuozi dada yangu nikiwa nimekaa, wala nimesimama, wala nnatembea, wala nimelala, wala nimepanda chochote, cha miguu au cha magurudumu!"

Akakaa. Akaona amekaa, akasimama tena.

Shaikha alisikia yote kutoka jikoni. Hakugombana naye. Alimpikia kama kawaida, ila chakula kikaanza kuja hakina chumvi.

Mwezi haukwisha, Mahfoudh mwenyewe akaenda kwa Sheikh Muhanna, mzee anayeozesha watu mtaani kwetu, nami nikaitwa. Tukakutana palepale Hail, Shaikha nyuma ya mlango ulio wazi nusu.

"Jambo jepesi," Muhanna akasema. "Lisha maskini kumi, iwe kafara yako. Kiapo kwisha."

"Haiwi, Maalim. Sisi tukiapa haturudi. Baba aliapa hatokula pweza, akafa hajala pweza."

"Baba alikuwa hapendi pweza," Shaikha akasema kutoka nyuma ya mlango.

"We nyamaza, nnasema na Sheikh!"

Muhanna akageukia mlangoni. "Binti yangu, kadhi anaweza kukuozesha yeye, kama walii anazuia bila sababu."

"Nende mahakamani kumshitaki kaka yangu? Bora nikae hivi hivi mpaka nife."

Basi ikawa wazi kwa kila aliyekuwamo. Ama Mahfoudh anatamka kwa mdomo wake na kiapo chake kibaki kizima, ama mimi narudi Mawaleh kulala na vitunguu.

Muhanna alikuwa mtu wa kupenda mitihani. Akajikuna ndevu. "Kuogelea je?"

"Kuogelea ni kulala tu, ila kwa wasiwasi," Mahfoudh akasema. "Halafu sijui."

"Kuruka?"

Mahfoudh aliruka. Mtu wa umri ule, katikati ya majilisi ya wageni, kanzu imekamatwa kwa mikono miwili. Kila akiruka alitaka kusema "nimekuoza", akafika "nime—", akatua, akawa amesimama. Aliruka mpaka vikombe vikaanza kutembea kwenye sinia.

"Hewani hukai vya kutosha," Muhanna akasema. "Kaa, utatuulia moyo wako."

Hapo Shaikha akafungua mlango wote. "Mwezi uliopita niliwapeleka watoto wa darasa langu kwenye uwanja wa barafu. Kule watu hawasimami, hawatembei, hawalali. Wanakwenda tu."

"Na vile viatu vyenye visu," Muhanna akauliza, "si wamevipanda?"

"Viatu vinavaliwa, Maalim. Ushamuona nani aliyepanda kandambili?"

Muhanna akacheka mpaka akafuta macho. Akasema haamui jambo asilolishuhudia.

Jumatatu yake jioni tukaenda wote. Nje palikuwa na joto la kupasua kioo cha gari. Ndani tulikuta baridi ya kuhifadhia samaki. Aliyetupokea alikuwa Dativa, mwanamke wa Bukoba. Alikuja Maskati kufanya kazi za ndani, akahamia pale kugawa viatu, akajifunza kuteleza, sasa anafundisha watu wazima wa klabu.

"Karibuni, wazee wangu. Mmeleta wajukuu?"

"Tumejileta wenyewe," nikamwambia.

Akatutazama kuanzia kofia mpaka ndara. "Sawa. Klabu ina nafasi za watu wazima. Kuna wanaoanza kabisa, kuna wanaojifunza kuzunguka, na kuna wanaocheza wawili wawili wameshikana mikono."

"Tunataka ya kushikana mikono," Mahfoudh akasema.

"Ninyi wawili?"

"Mimi na huyu."

"Na nani anakuwa mwanamke?"

"Hakuna mwanamke hapa," nikasema. "Pana shemeji."

Dativa akasema amefanya kazi kwenye nyumba nyingi Maskati lakini hilo hajapata kuliona, akatuletea viatu.

Sheikh Muhanna alikaa benchi, amejifunga shuka mabegani, akitazama miguu ya watu kama mtu anayetazama mwezi mwandamo. Mwisho akatoa hukumu yake. Anayesimama ni yule asiyesogea. Anayetembea ni yule anayeinua mguu. Kwa hiyo Mahfoudh akishikana mkono nami, kama ilivyo desturi ya kuoza, huku anasogea, na nyayo zake zote mbili ziko chini, hayumo ndani ya kiapo. Akiinua mguu, ametembea. Akisita, amesimama. Akianguka, itategemea kimetangulia nini.

Kikatangulia kila kitu. Barafu ni ngumu kuliko inavyoonekana, na kanzu ikilowa inakamata miguu kama wavu. Dativa alikuwa nyuma yetu anapiga kelele. "Kunja goti, baba! Goti! Usitazame chini, chini hakuna pesa!" Mahfoudh akianguka na mimi naanguka, maana tumeshikana. Kila tukianguka, Muhanna anaita kutoka benchi, "Umekaa!" au, "Hapo umelala!" na watoto waliokuwa wakingoja zamu yao wakaanza kuitikia naye.

Wiki zikapita. Mimi nilibaki vilevile. Mahfoudh akajua. Sijui tuseme nini, lakini yule mzee ambaye hawezi kuipata miwani iliyo usoni mwake, akapata kwenda mbele, akapata kwenda nyuma, akapata kuzunguka papo kwa papo na kanzu imefura kama mwavuli. Akanunua glavu. Akaanza kuwasahihisha wenziwe, mhandisi mmoja wa maji na daktari mmoja wa meno waliokuwa darasa la wanaoanza. Kila nikimwambia tumwite Sheikh tumalize, ananijibu bado, mgeuko wake wa kushoto haujakaa sawa.

Nikachoka. Jioni moja, tukiwa tumeshikana mikono tunazunguka, nikamuuliza, "Mahfoudh, we unajifunza au unakimbia?"

Tukapita kona.

"Ile nyumba ina saa ya ukutani," akasema. "Shaikha akiwapo siisikii. Akenda dukani tu, naisikia."

"Basi sema humtoi, tujue moja."

"Sijasema simtoi. Nimesema bado."

"Shaikha ana umri wa kungoja bado yako?"

Akaniachia mkono, nikaenda mwenyewe mpaka ukutani. Lakini kesho yake alimpigia simu Muhanna.

Siku yenyewe pakatokea tatizo jipya. Muhanna alisema maneno ya walii na jibu la mume lazima yawe katika kikao kimoja, na yeye na mashahidi wayasikie. Sisi tungekuwa tunakwenda. Wao wakibaki benchi, je, hicho ni kikao kimoja au viwili? Akafikiri, akasema kikao lazima kiende na sisi.

Basi Dativa akaleta kiti cha plastiki, kile wanachokisukuma wanaoanza wasianguke. Sheikh Muhanna akakalishwa juu yake, shuka mabegani, bakora magotini. Yeye hakuapa, akikaa hana neno. Dativa akashika nyuma kusukuma. Mhandisi wa maji upande huu wa kiti, daktari wa meno upande ule, hao ndio mashahidi, wamekikamata kiti kama watu wanaozama. Mbele yao mimi na Mahfoudh, mkono wa kulia ndani ya mkono wa kulia. Shaikha alisimama nje ya ukuta wa uwanja, amevaa koti langu juu ya abaya.

"Twende taratibu, kuna mzee!" Dativa akasema.

"Mzee nani?" Muhanna akauliza.

Mara ya kwanza Mahfoudh akafika "nimekuoza", mhandisi akamkanyagia kanzu, tukaenda chini sote isipokuwa Sheikh, ambaye aliendelea peke yake na kiti chake mpaka Dativa alipomuwahi.

"Umekaa!" akaita huko alikokuwa. "Hayahesabiki! Rudia!"

Tukarudia. Tukashika mwendo mzuri upande mrefu wa uwanja, miguu chini, kiti kinanguruma nyuma yetu.

"Harub," Mahfoudh akasema, sauti yake kubwa. "Nimekuoza."

Jina la dada yake hakulitaja.

Nikamtazama. Alikuwa anamtazama Shaikha ukutani. Barafu haikusukumi; usipofanya kazi, mwendo unakufa wenyewe. Wetu ukaanza kufa. Nikausikia kwenye nyayo. Kiti nyuma yetu kikapunguza, mashahidi wakapunguza. Hakuwa na haja ya kunikatalia. Angetulia tu kidogo, angekuwa amesimama, na kiapo kingefanya kazi yake, na wala pasingekuwa na wa kumlaumu.

"Unasimama, Mahfoudh," Sheikh akasema polepole.

Shaikha hakupunga mkono. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Mahfoudh akaurudisha uso mbele. Akakunja magoti, akaitanua miguu pembeni, akaivuta tena ndani bila kuinua hata unyayo, na sote wawili tukasogea mbele kama tuliovutwa na kamba. Akafanya tena. Akanibana mkono mpaka vidole vikaniuma.

"Nimekuoza dada yangu Shaikha binti Saeed," akasema, "kwa mahari mliyopatana. Na Ijumaa mtakula kwangu."

"La Ijumaa si sharti!" Muhanna akapiga kelele. "Liondoe!"

"Sio sharti, ni mwaliko!"

"Mwaliko baadaye! Harub, jibu, jibu, kona hiyo!"

"Nimekubali!" nikasema. "Nimekubali kumuoa!" Na hapo nikaugonga ukuta, kwa sababu kuzunguka nimefundishwa, kukata kona nimefundishwa, kusimama sikujaaliwa.

Nilipoinua uso, Muhanna alikuwa anawauliza mashahidi. "Mmesikia?"

"Tumesikia," daktari wa meno akasema. "Lakini mkono siutoi kwenye kiti."

"Si lazima mkono. Mola awabariki."

Tukatoka. Tukavua viatu, tukafungua halwa benchini, na Dativa akapiga kigelegele cha kwao, kirefu, watoto wakageuka. Zamu ya watoto ikafika, lango likafunguliwa, wakaingia kundi zima na makelele yao. Mahfoudh peke yake alikuwa hajatoka. Aliendelea kuzunguka katikati yao, mikono nyuma, anakwenda nyuma, anakwenda mbele.

"Kaka, njoo unywe kahawa," Shaikha akamwita.

"Nnakuja. Mzunguko mmoja."

Akapita. Akapita tena. Kila akipita mbele yetu aligeuza uso upande wa pili, kama anaangalia mtoto asimgonge. Hapakuwa na mtoto upande ule.

Shaikha akaweka kikombe chini. Halafu akalivua koti langu, akanirudishia, akavisukuma kwangu kwa mguu vile viatu nilivyokuwa nimekwishavivua.

"Nenda kamchukue," akaniambia.

"Mimi? Mimi naanguka, Shaikha."

"Utaanguka. Nenda."

Nikavaa viatu, nikaingia.