Geti la Chuma, Geti la Kioo

Mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, Sietse Postma aliingia ofisi za manispaa yetu ya Halderveen kwa mlango mkuu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili na kumvunja taya mwenzetu Aukje wa meza ya pasipoti, mkewe waliyekuwa wameachana naye mwaka mzima. Njiani alipishana na watu watano wa ofisi. Wote walimpa habari za asubuhi, naye akawaitikia wote. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, maana kwetu kumuuliza mtu mzima anakwenda wapi ni utovu wa adabu.

Mimi ni Wubbo Hazelhoff, na jengo lile nimelisimamia miaka kumi na tisa. Nilisikia makelele, nikakimbia, nikamkuta Aukje chini ya meza ya pasipoti na yule bwana amemkalia kifuani, anampiga ngumi moja moja bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari. Nilimkaba shingo kwa nyuma. Akanivunja vidole viwili, nami nikamng'ata sikio. Sijuti hata kidogo. Sikumwachia mpaka polisi waliponibandua kwake.

Alifungwa miezi tisa. Siku ya hukumu alimgeukia Aukje, ambaye taya lake lilikuwa bado limefungwa kwa nyaya, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Nikitoka nitamaliza.” Hakimu alimkaripia, basi. Nikahesabu miezi kwa vidole vyangu vizima: angetoka mwanzoni mwa Desemba. Kabla ya hapo nilitakiwa kuchagua na kufunga mageti ya kuingilia jengoni. Kwa wakubwa ilikuwa kazi ya mageti. Kwangu ilikuwa kazi ya kumweka Aukje hai.

Mwezi wa tano nilimchukua twende wote kwenye karakana ya kampuni inayouza vitu hivyo. Nilitaka achague mwenyewe, kwa sababu ni yeye ambaye angekaa nyuma ya geti hilo kila siku akisikiliza hatua za ngazini. Muuzaji, bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa kupita kiasi, alitutembeza kwa maneno mengi na tabasamu.

La kwanza lilikuwa geti la mikono mitatu, la kufika kiunoni. Aukje alikuwa na miaka hamsini na moja na mwili wake wa kutosha. Alivuta sketi juu, akalikwea, akatua upande wa pili kabla yule bwana hajamaliza sentensi.

“Mimi na magoti yangu haya nimepita,” akasema. Taya lilikuwa bado linamkwaza. “Sietse anacheza mpira kila Jumamosi.”

Muuzaji akasema geti lile ni la kuongoza watu waaminifu. Aukje akamwambia mtu mwaminifu hahitaji geti, anahitaji kibao tu.

La pili lilikuwa la kioo, mabawa mawili ya kufika kifuani. Kuingia ni kwa kadi, kutoka linafunguka lenyewe. Ni zuri, kweli, ungeweza kuliweka hotelini. Nilimwambia Aukje apite na kadi, nikamgandama mgongoni, tukapita wote wawili kwa kadi moja. Kengele ikalia kwa sauti laini ya kuomba radhi. Muuzaji akasema hilo hutokea tu kama aliye mbele ameridhia.

La tatu lilikuwa la chuma, refu kuliko mimi, nondo kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa. Linazunguka na mtu mmoja mmoja tu na halirudi nyuma. Aukje akapita. Mimi nikarudi hatua kumi, nikalivamia kwa bega. Nikalipiga teke mpaka kucha ya kidole gumba ikang'oka ndani ya kiatu. Nilikuwa nimesahau kwamba ni majaribio; nilikuwa namwona Sietse, nami ndimi Sietse, na nilitaka kupita. Nilipoinua uso nikamwona Aukje upande wa pili wa nondo, anacheka. Tangu Machi sikuwa nimemwona akicheka.

“Tena,” akasema. “Piga tena, Wubbo.”

Nikapiga tena.

Kama neno letu wawili lingetosha, hadithi ingeishia hapo. Lakini Halderveen jambo halipitishwi kwa kura. Tunakaa kwenye duara, tunakunywa kahawa na biskuti moja kila mtu, tunazungumza mpaka wote waafiki. Na anayebaki peke yake akisema hapana huonekana mgomvi, na sifa hiyo humfuata mpaka siku anapostaafu. Tulikaa vikao saba. Wanaosema heri nusu shari kuliko shari kamili hawajawahi kuketi katika vikao vyetu.

Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi alikuwa Diederik, mtu mpole mwenye soksi za rangi, anayeinamisha kichwa ukiongea ili ujue anakusikiliza. Alisema geti la chuma ni la gereza. Alisema wananchi wanakuja kwetu kuandikisha watoto wao wachanga, na hatuwezi kuwapitisha kwenye zizi. Nilipoomba angalau picha ya Sietse ibandikwe mapokezi, alisema sura ya mtu ni mali yake, hata akiwa mfungwa. Nilimwambia taya nalo ni mali ya mtu. Akainamisha kichwa, akasema amenisikia.

Kikao cha saba ndipo ilipopatikana njia ya kati. Wananchi wapite geti la chuma: kuingia hufunguliwa na mapokezi, kutoka husukuma wenyewe. Wafanyakazi wapite geti la kioo. Yawe ubavu kwa ubavu, ukumbi mmoja. Ndivyo tulivyo sisi: wawili wakigombea mlango mmoja, tunajenga miwili. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba nusu ya ufa tukapeana mikono.

Diederik akamuuliza kila mmoja. Sita wakakubali. Zamu ya Aukje ilipofika alirudisha biskuti yake mezani, akasema, “Haya. Sawa.” Mimi nilikuwa wa mwisho. Ningeweza kusema hapana. Nilijua, kucha yangu ilijua, kwamba mahali pale palihitaji chuma pande zote. Lakini kila mtu alikuwa amechoka, na Aukje mwenyewe amekubali, nami sikutaka kuwa mgomvi. Nikasema sawa. Neno hilo nimeliona ndotoni mara nyingi tangu siku ile.

Aukje alizaliwa tarehe kumi na mbili Desemba. Kwetu mwenye siku yake ndiye anayeleta keki, na watu humpongeza si yeye tu bali kila aliye wake: mumewe, mama yake, hata jirani aliyejitokeza. Unamshika mkono mume na kumwambia hongera kwa mkeo. Ni desturi nzuri, na mtoto wa miaka minne anaijua.

Saa tano asubuhi tulikuwa tumepanga viti duara chumbani kwake, ghorofa ya pili, visahani mapajani. Sietse alikuwa ametoka gerezani siku nane nyuma. Polisi walituhakikishia kwamba amepigwa marufuku kukaribia jengo. Aukje alikaa akitazama mlango, mimi nikakaa kati yake na mlango.

Mlango ukafunguliwa. Aliyetangulia alikuwa Diederik, uso umemchangamka, na nyuma yake mwanamume amebeba boksi kubwa la keki kwa mikono miwili.

“Aukje, nimekuletea mgeni,” akasema Diederik. “Nimemkuta chini, mikono imejaa, nikampitisha kwa kadi yangu.”

Baadaye tuliona yote kwenye kamera ya ukumbini. Sietse anasimama mbele ya geti la kioo, anaonyesha boksi kwa kidevu, anasema jambo. Diederik anacheka, anagusisha kadi, anamshika bega, wanapita pamoja. Kisha anampa mkono. Diederik hakuwa amewahi kuiona sura ya Sietse; alimdhania mume mpya, alikuwa anampongeza kwa siku ya mkewe.

Sietse aliachia boksi. Kisu kilikuwa chini yake, amekibana kwenye kiganja muda wote. Mwanamama wa idara ya taka aliyekaa karibu na mlango alijaribu kusimama, akapigwa kiwiko cha pua, damu ikaruka mpaka ukutani. Nilinyanyua kiti changu nikampiga nacho Sietse kichwani, mguu wa kiti ukakatika, naye akayumba, akanichana mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo. Sikusikia maumivu. Nilisikia ubaridi tu, na kilio cha Diederik aliyekuwa ameganda kizingitini akisema jamani, jamani, jamani. Aukje akampiga Diederik kikumbo akampita, akashuka ngazi.

Sietse akamfuata. Mimi nikamfuata Sietse, damu yangu ikinitangulia kwenye vidato.

Ukumbini Aukje alikimbilia geti la chuma. Nadhani mwili wake ulikumbuka karakana, ukakumbuka kwamba kile chuma hakipitiki. Aliingia kati ya nondo, akasukuma. Lakini Sietse hakumfuata mle. Alikwenda kwenye kioo, kikamfungukia chenyewe kama kinavyomfungukia kila anayetoka, akapita kwa hatua mbili na kusimama upande wa nje akimngoja.

Aukje akasimama ndani ya geti. Mbele yake Sietse. Nyuma haiwezekani, geti halirudi. Alishika nondo kwa mikono yote miwili kulizuia lisizunguke, na Sietse, bila haraka ile ile ya Machi, akapitisha mkono katikati ya vyuma na kumchoma chini ya mbavu. Aukje hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kwa sauti ndogo. Sietse akavuta kisu, akapitisha mkono tena.

Nilipofika, niliona mkono ule umeingia mpaka kwenye kwapa. Nikamwambia Aukje, “Achia.” Angeweza kudhani namtoa kwa muuaji wake. Aliachia. Nikalivamia geti kwa bega, kwa uzito wangu wote na hasira yangu yote ya vikao saba, likazunguka, na mkono wa Sietse ukabanwa kati ya nondo zinazokwenda na nondo zilizosimama. Nilisikia ukivunjika. Nikasukuma tena, ingawa haikuhitajika, ukavunjika mahali pa pili. Nasema ukweli: nilisukuma na mara ya tatu.

Aukje alilazwa wiki tatu. Walimkata wengu na kipande cha ini. Sietse alifungwa miaka minne. Mkono wangu ulishonwa nyuzi thelathini na moja.

Mwishoni mwa Januari tukaitwa kikao. Viti duara, kahawa, biskuti moja moja. Aukje alikuja na fimbo, mweupe kama karatasi, akakaa karibu nami. Diederik alikuwa amekonda. Sisemi hakuteseka, aliteseka. Alilia mbele yetu, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akafuta macho akafungua karatasi zake. Alisema tukio lile limetufundisha kwamba geti la chuma ni la hatari: mtu amenaswa ndani yake, na mtu mwingine amevunjikia mkono humo. Wanasheria wana wasiwasi. Alipendekeza geti la chuma ling'olewe, libaki la kioo peke yake, na kila mfanyakazi apewe mafunzo ya siku moja. Akazunguka duara. Sita wakasema sawa.

“Aukje?” akauliza kwa upole.

“Hapana.”

Diederik akainamisha kichwa, akasema anamsikia, na kwamba bila shaka, sote tukiwa watu wazima, tunaweza kutafuta njia ya kati.

“Mlishanitafutia,” Aukje akasema. “Nilichomwa kisu humo. Ng'oeni kioo. Wekeni chuma pande zote, na picha yake mapokezi. Baada ya miaka minne anatoka. Mimi nitakuwa na hamsini na sita, nitakuwa bado nafanya kazi hapa, na sitakubali. Andika hivyo. Mkae hapa mpaka usiku, sitakubali.”

Mtu mmoja akaomba sukari. Diederik akanigeukia mimi, wa mwisho katika duara, macho yakiniomba nimsaidie kumtuliza mwenzangu.

“Na mimi nasema hapana,” nikasema. Ilinichukua miezi sita kulitamka neno hilo, nalo ni jepesi hivyo.

Diederik akasema basi suala liahirishwe mpaka mwezi wa tatu. Nikaomba ruhusa ya kutoka, nikashuka stoo, nikachukua nyundo kubwa ya mafundi. Kioo kile ni cha tabaka mbili, hakipasuki upesi. Bawa la kwanza lilikubali kwa pigo la nne. Kengele ikaanza kuomba radhi, nikaendelea. Kidonda changu kilifumuka mahali pamoja, damu ikanilowesha mkono wa shati. Wote walikuwa wameshuka na kusimama ngazini, Diederik mbele yao akiita jina langu kwa upole, Wubbo, Wubbo, tuzungumze.

Aukje alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, fimbo magotini.

“Tena,” akasema.