Masika Aenda Kumpima Tembo

Masika, fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, Afrika Kusini, alijisifu kwamba tangu atoke kwao Butembo miaka kumi na mitatu iliyopita hakuna mwili uliowahi kumshinda. Alikuwa amewashonea bibi harusi mwenye mimba ya miezi minane, walinzi wenye mabega kama makabati, na mchungaji mmoja ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Kwa hiyo siku moja ya mwezi wa tisa, mwaka 2017, Papa Placide, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa lao, alipoingia dukani akasema ana mteja mnene kidogo, Masika hakuinua hata macho.

"Mwambie aje nimpime."

"Hawezi kuja, mama. Ni tembo."

Cherehani ikanyamaza.

Placide alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Paa la kanisa kule Bertrams lilikuwa limeoza, naye alikuwa amempata bwana mmoja mwenye shamba nje ya jiji, anayekodisha tembo jike kwa sherehe na ufunguzi wa maduka. Tembo huyo, jina lake Nomsa, alikuwa amefundishwa kuomba pesa. Magari yakisimama kwenye roboti, taa za barabarani zikiwa nyekundu, anaingiza mkonga dirishani, anapokea noti kwa adabu na kumkabidhi mtunzaji wake. Jumapili ya mwisho wa mwezi angetembea na waumini kutoka Yeoville hadi Bertrams, akichangisha njia nzima. Kilichokosekana ni vazi la mgongoni, la zambarau, lenye jina la kanisa.

"Na vibali?" Masika aliuliza.

"Mwenyewe amesema hiyo ni kazi yake. Kazi yetu sisi ni kupendeza."

Jumatano Masika alipelekwa shambani kwa pikapu. Dereva ndiye aliyekuwa mtunzaji wa tembo, kijana aitwaye Laurenti, ambaye baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeoa Morogoro na kurudi nyumbani na familia. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, laini, na njia nzima alimzungumzia tembo kama mtu anayemzungumzia dada yake.

Nomsa alikuwa nyuma ya ghala, juu ya sakafu ya saruji, mguu wa nyuma umefungwa mnyororo. Alikuwa akiyumba, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Anacheza!" Masika alisema kwa furaha.

"Hachezi, dada. Tembo akifungwa siku nyingi hufanya hivyo. Akili yake imechoka."

Masika akapanda juu ya pipa na kuanza kazi. Futi yake ilikwisha kabla ya kufika nusu ya tumbo, ikabidi waiunge na kamba, na wote wawili wakacheka. Lakini aliposhuka kupima urefu wa miguu, aliona kidonda chini ya mnyororo. Nyayo nazo zilikuwa zimepasukapasuka.

"Lami inamuunguza," Laurenti alisema. "Tangu Pasaka naomba aletwe daktari. Naambiwa mwezi ujao."

Masika akatoa mkate wake wa siagi ya karanga mkobani na kumnyooshea tembo. Nomsa akauchukua polepole, akageuka, akauweka mkononi mwa Laurenti.

Laurenti akamrudishia. Nomsa akampa tena. Alipompa mara ya tatu, ilibidi Laurenti autie mwenyewe ndani ya kinywa cha tembo.

"Ndivyo alivyozoeshwa," alisema, akitazama chini. "Chochote anachopewa si chake."

Masika akakunja futi. "Nguo hii sishoni."

"Watamtafuta fundi mwingine, dada."

"Ndiyo maana na wewe ufanye kitu. Watu wa kutetea wanyama wapo. Umewahi kuwapigia?"

"Eish. Nikipiga simu hiyo, kazi yangu imekwisha."

"Na usipopiga?"

Laurenti akamwomba Masika asimame karibu naye, akatoa simu. Alianza kwa sauti ya kunong'ona. Alipofika kwenye kidonda, sauti yake ilikuwa imepanda hata kuku wa shamba wakatawanyika.

Wakaguzi walikuja Ijumaa na daktari. Mwenye shamba alibisha mpaka alipoombwa vibali, ambavyo hakuwa navyo, na wiki iliyofuata akakubali kumtoa tembo. Kule Limpopo, kaskazini mwa nchi, kulikuwa na hifadhi yenye tembo wenzake na matope ya kutosha. Ila Nomsa alikataa kupanda lori mpaka Laurenti alipotangulia, na watu wa hifadhi wakaelewa.

"Dada," alimpigia Masika akiwa njiani, "nimefukuzwa kazi asubuhi, nimeajiriwa mchana!"

Placide aliposikia, alishika kichwa. "Mama Masika, mabango yamebandikwa mpaka Kensington! Watu wanakuja kuona tembo!"

Masika akamsimulia habari ya mkate. Placide akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mpango.

"Mara tatu?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Bon. Basi ni vizuri ameondoka. Lakini mabango, mama..."

"Tembo atakuwepo. Nipe wanaume wanne na mapazia yote ya zamani ya kanisa."

Alishona siku tano, tembo wa mapazia wa kuvaliwa na wanaume wanne. Masikio yalitoka kwenye zulia, mkonga ukatoka kwenye bomba la mashine ya kukaushia nguo. Placide alidai kichwa kwa haki ya uenyekiti. Évariste, mlinzi wa supamaketi, akapewa makalio, akakubali kwa uchungu.

Jumapili barabara ilijaa. Kwenye roboti ya kwanza kichwa kiliona kijani kikaondoka, makalio yakabaki, tembo akarefuka kama treni mpaka mshono wa tumbo ukaachia. Masika akakimbia nyuma na sindano. Mkonga ukaingia kwenye basi dogo moja la teksi, abiria wote kumi na watano wakapiga kelele, wakatoa noti, peremende, na mama mmoja akatoa kitambaa amfute tembo jasho.

Karibu na Bertrams trafiki akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Nani mwenye mnyama huyu?"

"Tunajimiliki wenyewe, bosi!" Évariste alijibu kutoka kwenye makalio.

Trafiki alijaribu kukunja uso, akashindwa. Akasimamisha magari pande zote nne, na tembo akavuka kwa miguu yake minane, Masika akimfuata nyuma na sindano mdomoni, akicheka kwa pua kwa sababu mdomo ulikuwa kazini.