Mguu wa Zénon

Asubuhi ile shangazi Verlie hakugusa hata kahawa. Nilipompitia nilimkuta kibarazani, mkoba mapajani, kofia ya kanisani kichwani, kana kwamba tunakwenda mazikoni.

"Shangazi, ni matembezi tu. Asubuhi makumbusho, mchana mashua kinamasini, jioni tumerudi."

"Najua, Lurline. Washa gari kabla sijaghairi."

Nilijua kinachomkera. Makumbusho yale ni shamba la miwa walikotumikishwa wazee wetu, na babu wa babu yake, Zénon Narcisse, alituachia jina baya. Mwaka 1853 watumwa kumi na wawili walitoroka wakajificha kinamasini. Walipokamatwa, kumi na mmoja waliuzwa mbali, hawakuonekana tena. Zénon peke yake akabaki shambani. Watu wakapiga hesabu zao: basi ni yeye aliyewasaliti wenzake.

Hesabu hiyo ikarithiwa. Shangazi alipokuwa msichana, wenzake walimfuata njiani wakiimba, "Narcisse, Narcisse, nenda ukatusemee kwa nyapara!" Kiongozi wao alikuwa Earline Honoré, ambaye ndugu wawili wa ukoo wake walikuwa miongoni mwa waliouzwa. Sasa shangazi ana miaka sabini na minne. Yeye na Earline husimama bega kwa bega kwenye kwaya na kubadilishana sufuria za gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, lakini jambo lile halitajwi. Na siku ile Earline alikuwa nasi.

Majina ya watumwa yalikuwa yamechongwa kwenye ukuta wa makumbusho. Shangazi aliligusa la Zénon kwa kidole kimoja, akakiondoa upesi kama aliyegusa chungu cha moto. Dada aliyekuwa akituongoza, Jonelle, alimwona.

"Ni wa kwenu, bibi?"

"Ndiyo. Kwa bahati mbaya."

"Kwa nini unasema hivyo? Subiri kidogo."

Alirudi na karatasi: ukurasa wa daftari la nyapara, umetafsiriwa kutoka Kifaransa. Shangazi alitafuta miwani mkobani, asiipate. Earline akamnyang'anya Jonelle karatasi.

"Leta, nisome mimi."

Kati ya watu wote, Earline!

Akasoma: "'Mbwa waliwanusa siku ya tisa. Wote kumi na wawili wamerudishwa. Zénon aliwazuia mbwa kwa gongo ili wanawake wakimbie, akapigwa risasi gotini. Mnunuzi amechukua kumi na mmoja. Zénon amekataliwa, mguu hautapona. Abaki hapa, achemshe sukari.'"

Earline akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Mbwa," akasema. "Verlie, ni mbwa. Hakuna mtu aliyesema."

Shangazi alikaa kwenye benchi kwa kishindo. Nilidhani ameishiwa nguvu, kumbe anacheka, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Alikuwa kilema! Waliacha kumnunua kwa sababu ni kilema! Na sisi miaka yote hii tunatembea tumeinamisha vichwa!"

Wakati wa chakula alimaliza sahani mbili za wali wa jambalaya na kuomba soseji zangu. Sikumbuki kumwona akila hivyo tangu mumewe afariki.

Kwenye mashua Earline aliacha viti vyote akaja kubanana nasi. Injini ilinguruma, tukapita katikati ya miberoshi iliyosimama majini. Mamba mmoja alikuwa juu ya gogo, akituangalia bila kujali.

"Verlie, ule wimbo..." Earline akaanza.

"Ulikuwa na sauti mbaya tangu zamani."

"Usinifanyie mzaha. Nisamehe, shoga. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha, nami sikuuliza."

Shangazi aliyatazama maji meusi. "Nilikuchukia mpaka nilipoolewa," akasema. "Baadaye nikachoka. Leo nimefurahi kwamba ni wewe uliyesoma. Angesoma mwingine, ungebisha."

"Ningebisha kweli!"

Wakacheka mpaka nahodha akageuka kuuliza kama kuna tatizo.

"Tatizo ni wewe," shangazi akamjibu. "Mbona unakwenda ukingoni ukingoni? Tuingize ndani kabisa, kule walikojificha."

Nahodha akatuingiza. Mwanga ulipungua, vyura wakanyamaza tulipopita. Shangazi alivua kofia, akaacha upepo umpige kichwani.

Tukirudi nyumbani aliomba simu yangu, akampigia kaka yake Ovide, aliyehamia jiji la Houston ujanani kwa sababu ya jina lile, akaapa hatarudi. Miwani sasa imepatikana, akamsomea karatasi nzima aliyoachiwa na Jonelle kwa sauti ya kupaza, kama anahutubia uwanja.

"Ovide? Upo?"

"Nipo," nikamsikia akisema. "Nisomee tena, dada. Polepole."